Kamba Moja, Watu Watatu

Gemu ilichukua asubuhi nzima kushuka kutoka mtandaoni. Dada alikuwa ameiacha kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya sare za shule zilizokuwa zikisubiri vifungo, na kila alipomaliza pindo alinyanyua macho kuangalia mstari wa kijani umefika wapi. Mstari wenyewe ulikuwa mvivu kama mtu aliyetumwa dukani kwa lazima. Ulisogea kidogo, ukasimama, ukasogea tena, na mara moja ulirudi nyuma kabisa, jambo ambalo Dada hakujua kwamba linawezekana.

Kila mtu alimwita Dada, hata wateja waliomzidi umri, kwa sababu mdogo wake alipokuwa mtoto aliliita jina hilo mchana kutwa kwa sauti ya juu hadi mtaa mzima ukalichukua. Mdogo wake naye walimwita Chiriku, maana alikuwa hana breki ya mdomo. Alisema akila, alisema akioga, alisema usingizini. Sasa Chiriku alikuwa mtu mzima, anaishi mbali, mwendo wa ndege, na kazi yake ilikuwa kutengeneza michezo ya kompyuta pamoja na wenzake wachache waliopanga chumba kimoja. Hii iliyokuwa ikishuka kwa kujivuta ndiyo ilikuwa ya kwanza yao wenyewe.

Ujumbe ulitangulia kufika. "Dada, shusha hiyo. Bado haijatoka, tumewapa watu wachache waionje kwanza watuambie wanaionaje. Wewe nakuamini, hutanivika kilemba cha ukoka. Ila ninayemtaka hasa ni Baba. Acheze. Asipotaka kucheza, atazame tu. Saa kumi nitapiga simu, nataka nisikie kwa masikio yangu atakachosema."

Dada alisoma maneno hayo ya mwisho mara mbili. Kati ya Baba na Chiriku hakukuwa na ugomvi. Afadhali ungekuwepo, kwa sababu watu wakigombana huwa wanapatanishwa. Kulikuwa na salamu tu. Chiriku alipiga simu, Baba akapokea. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, hujambo? Haya, ongea na dada yako." Na simu ilikuwa imeshavuka chumba kabla mtoto hajavuta pumzi. Miaka imepita hivyo. Watu wakimuuliza yule binti yake wa mwisho anafanya kazi gani, Baba alijibu, "Yule? Anacheza," kisha akabadilisha mazungumzo.

Baba mwenyewe alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake kando ya mlango wa chumba cha cherehani. Alihamia kwa Dada baada ya mama yao kufariki. Maisha yake yote alikuwa mchimba visima, wa kuchimba kwa mikono, sururu na koleo, na ingawa mgongo ulikuwa umeshapinda, mabega yalikuwa bado mapana kama ya mtu aliyebeba mlango. Siku hizi kazi yake kubwa ilikuwa kukaa na kukosoa. Alikosoa habari, alikosoa chai, alikosoa namna Dada alivyofunga geti.

"Umeweka nini hapo mezani kinachokutoa macho hivyo?" aliuliza.

"Gemu ya Chiriku, Baba. Wameshaimaliza."

"Ahaa," alisema Baba, akageukia dirishani.

Dada alirudi kwenye pindo lake, lakini mawazo yalikuwa yameshatoka chumbani. Mguu ulikanyaga pedeli, sindano ikakimbia, na yeye akawa amerudi mdomoni mwa kisima, ana miaka ya kuvaa gauni lenye mifuko, jua linampiga kisogoni.

Shule zilipofungwa, Baba aliwachukua mabinti zake kazini, kwa sababu mama yao alishinda sokoni na nyumba isingekalika na Chiriku peke yake ndani. Palikuwa na miti mitatu iliyofungwa pamoja juu, kapi likaning'inia katikati, kamba ikapita kwenye kapi kwenda chini gizani. Pembeni alisimama mzungushaji wa gurudumu la kuvutia kamba, jitu la miraba minne lililokuwa halisemi ila kucheka. Chini alikuwa Baba, na mara nyingine mwenzake wa kazi waliyemwita Baba Mapacha. Baba alijifunga tochi kichwani kwa ukanda wa mpira aliokata kwenye tyubu kuukuu ya tairi. Mpira ule ulimwachia alama nyeusi kwenye paji la uso, na mama yao aliisugua kila jioni bila kufanikiwa.

Kazi ya mabinti ilikuwa kusikiliza. Baba alikuwa na sheria mbili, na aliwakaririsha kama wimbo wa shule. Ya kwanza, mtu wa chini hanyamazi. Aliyeko kisimani anaimba muda wote amefumba mdomo, mm-mm, mm-mm, mvumo mmoja unaopanda na kushuka, hauna maneno wala mwisho. Mvumo ukisikika, juu watu wanapiga soga. Mvumo ukikatika, soga zinaachwa, mtu anainama na kuita. Ya pili, kamba moja, mtu mmoja. Hata wawe wembamba kama ufagio, hata wawe na haraka ya namna gani, wawili hawapandi kamba moja. Baba alikuwa ameona kamba ikikatika ujanani, na alipofika hapo kwenye hadithi aliishia kusema, "Basi," na hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi.

Chiriku alipenda visima kuliko pipi. Alilala kifudifudi, kidevu kwenye ukingo, akauimba ule mvumo kujibizana na baba yake. Mm-mm, anasema wa chini. Mm-mm, anasema wa juu. Mzungushaji alicheka hadi machozi.

Na jioni, wakishaoga vumbi, walikimbilia kwa jirani, Mama Nesi, ambaye sebuleni kwake kulikuwa na mashine ya michezo ya kutia kaseti. Televisheni ilivalishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na kabla ya kuiwasha ilibidi kitambaa kikunjwe vizuri, la sivyo hakuna mchezo. Kaseti ilipulizwa chini. Ikigoma, ikapulizwa tena. Ikizidi kugoma, Chiriku aliipiga televisheni kofi la ubavuni, kofi la adabu, si la hasira, na picha ikaja. Watoto wote wa mtaa walijaa sakafuni, jasho na magoti yenye vidonda, wakigombea zamu. Mchezo ulikuwa wa kupiga risasi vitu vinavyoshuka kutoka angani. Dada alipiga vizuri. Chiriku alikufa haraka kila mara kwa sababu alikuwa akivihurumia vitu hivyo. Hata sasa, Dada akisikia harufu ya televisheni kuukuu iliyopata moto, moyo wake unalainika ghafla na anatamani kuitwa arudi nyumbani kula.

Halafu ikaja siku ya mchanga. Kisima kilikuwa kimeshapata maji, na Baba na Baba Mapacha walikuwa chini wote wawili wakipanga pete za zege ili ukuta usibomoke. Ukuta haukusubiri. Mchanga ulimwagika kutoka ubavuni, ukambana Baba Mapacha hadi mguu ukavunjika. Baba alimfukua, akamfunga kamba, akapiga kelele, "Pandisha!" Mzungushaji akazungusha. Baba Mapacha akatoka analia, na kamba ikarudishwa chini, na wakati kamba inashuka, mvumo ukakatika. Dada alikuwa amekimbia kuita watu. Aliyekuwa kwenye ukingo ni Chiriku.

Walimtoa Baba. Watu wa mtaa mzima walishika kamba, na Baba akatokea mweupe pepe kwa mchanga, akatema mate, akauliza chai iko wapi. Watu waliangua kicheko, si kwa sababu ilichekesha sana, bali kwa sababu yu hai. Chiriku peke yake hakucheka. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwenye kisima, na kwa muda mrefu yule mtoto aliyekuwa akisema usingizini hakusema hata mchana. Baba alingoja apone. Alipoona haponi, siku moja mbele ya wageni alisema, "Huyu anaogopa shimo, na shimo ndilo linalomlisha." Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Tangu hapo zikabaki salamu.

Kompyuta ililia ti! Gemu imeshuka.

Dada aliacha cherehani na sare ya mtu ikiwa na mkono mmoja. Alichomeka waya kwenye televisheni ya sebuleni, akaunganisha pedi ya kuchezea aliyotumiwa na Chiriku pamoja na barua ya mapenzi mengi, akakaa sakafuni kama zamani, ila magoti yalilalamika. Baba alikuwa bado anatazama dirishani, kwa bidii kubwa mno, ilhali nje hakukuwa na kitu.

Kioo kilikuwa cheusi. Jina la gemu likatokea kwa herufi za vumbi: Pandisha. Kisha giza tena, na ndani ya giza taa ndogo ikawaka. Ilikuwa kwenye chombo cha mviringo, kidogo, kinachoelea kwa kuyumbayumba kama mbu aliyeshiba. Dada alisogea karibu, akacheka kwa sauti.

"Baba! Tazama taa! Imefungwa kwa mpira wa tyubu!"

"Taa gani?" Baba alisema bila kugeuka. Lakini jicho la pembeni lilikuwa limeshasafiri.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi kueleza. Mgodi umeporomoka, wachimbaji wamefukiwa, wewe unashuka na kile chombo kuwatafuta. Kidole hiki kinakuendesha, kidole kile kinalenga, kitufe kikubwa kinapiga risasi, kitufe cha chini kinateremsha kamba. Ukutani wamo wadudu wa mawe wenye meno, na hao ndio wa kupigwa. Pembeni kuna mstari wa bluu unaopungua polepole. Hiyo ni hewa ya waliofukiwa.

Dada alipiga. Ee, alipiga! Kuta zilikuwa na unyevu unaong'aa, rangi ya kahawia na ya kutu, na kila risasi ilibandua kipande cha mwamba kikaanguka na kishindo kitamu. Vumbi likapanda. Mdudu akachungulia, Dada akampasua. Mwingine akachungulia, akampasua. Alipotaka kwenda mbio alikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, kwa mazoea ya pedeli, na akashangaa kwa nini chombo hakiongezi mwendo. Alikuwa amerudi sebuleni kwa Mama Nesi, na laiti angekuwepo mtu wa kugombea naye zamu.

"Unapiga nini?" Baba aliuliza.

"Mawe, Baba. Na wadudu."

"Na watu wako wapi?"

"Wamefukiwa huko chini. Ndiyo nawatafuta."

"Watu wamefukiwa, na wewe juu yao unabomoa ukuta." Aliyatamka maneno hayo polepole, kama hakimu anayemsomea mtu mashtaka. "Acha kupiga. Acha! Tulia hapo."

Dada akaacha. Vumbi la kwenye kioo lilitua. Vishindo vikaisha, yakabaki matone ya maji, na nyuma ya matone, mbali, kitu kingine. Dada aliongeza sauti. Mm-mm. Mm-mm. Ulikuwa mvumo unaopanda na kushuka, hauna maneno wala mwisho.

Hakumtazama baba yake, kwa sababu alijua akimtazama tu atalia, na mtu hawezi kulia huku anaendesha chombo. Alisikia kiti kikiburuzwa. Baba alikuwa amekigeuza.

"Yuko kushoto," Baba alisema. "Si hapo. Chini, halafu kushoto. Sauti inagonga ukuta kwanza ndipo inakuja. Nenda taratibu."

Walikwenda taratibu. Kwenye upenyo mwembamba walikikuta kijitu kimoja chenye kofia ngumu, kimekaa kimejikunyata, kinavumisha. Taa ilipokimulika kikasimama kikarusha mikono juu. Dada aliteremsha kamba, kijitu kikaikumbatia, wakakipandisha hadi kwenye mwanga, na huko juu kikarukaruka na kupotea. Baba alipiga goti lake kofi.

"Mwingine!"

Kiti kilizidi kusogea hadi pua ikakaribia kioo. Baba hakugusa pedi, lakini ndiye aliyekuwa akicheza. Aliamuru kama mtu aliyesimama juu ya kisima: simama, sikiliza, rudi, inua taa. Dada alipoachia hata risasi moja alikaripiwa kana kwamba amevunja sahani. Lakini mdudu mmoja mnene alipoanza kutambaa kuelekea kwa kijitu kilichokuwa kinaimba, Baba alinyanyuka kitini.

"Huyo mpige! Mpige, unasubiri nini? Mpige tena!"

"Si umesema nisipige?"

"Usinijibu, piga!"

Walicheka wote wawili. Dada alitamani Chiriku angekuwa dirishani anachungulia. Alimwona akilini, kidevu kwenye ukingo, na akaamini sasa kwamba mambo yatakwenda vizuri, saa kumi ikifika Baba atasema neno la maana, na ile barafu ya miaka itayeyuka. Ndipo wakafika kwenye pango la chini kabisa.

Humo walikuwa watatu. Mivumo mitatu ilipishana, na Baba aliisikiliza amefumba macho. Dada aliteremsha kamba, na vijitu vyote vikaja mbio, vikaidaka, kimoja juu ya kingine.

"A-a!" Baba alipaza sauti. "Mmoja! Mmoja!"

"Vinakuja vyenyewe, Baba."

"Watikise! Kamba moja, mtu mmoja!"

Kwa kweli hata Dada mwenyewe mkono ulikuwa umeshatikisa kabla hajaambiwa. Aligundua kwamba ukiivuta kamba ghafla, wa juu anabaki na wengine wanaanguka kwa makalio. Ilikuwa mbinu ambayo hakuna mtengenezaji yeyote aliyeipanga. Vijitu viwili vikakaa chini vikipangusa suruali, na wao wakampeleka wa kwanza juu, safari ndefu ya kona na mawe yanayoanguka, wakarudi, wakatikisa tena, wakampeleka wa pili, na waliporudi mara ya tatu mstari wa bluu ulikuwa umekwisha. Mvumo ulikatika katikati. Kioo kikaandika: Mmoja amebaki chini.

Walirudia. Dada alikimbiza chombo hadi dole gumba likamuuma. Mmoja akabaki chini. Walirudia kwa njia nyingine, wakamwanza aliye mbali. Mmoja akabaki chini. Mtu yeyote mwingine duniani angewapandisha wote watatu pamoja na kwenda zake, gemu ilikuwa inamsihi afanye hivyo. Ila wao wawili haikuwapitia akilini kabisa, kama ambavyo mtu hawazi kuvaa kiatu kichwani.

Vijitu vilipogombea kamba kwa mara nyingine, ndipo Baba alipoelewa. Uso ulimbadilika.

"Kumbe inatakiwa wapande wote," alisema.

"Nafikiri ndivyo, Baba."

"Nani kamfundisha? Nani kamfundisha kuwapandisha watu watatu kamba moja? Mimi?"

"Baba, ni gemu tu."

"Gemu ya mtu aliyekulia mdomoni mwa kisima!" Alirudi nyuma kitini, akakunja mikono. "Angekuwa mtoto wa karani ningesema hajui. Huyu anajua. Ameamua kudharau. Kazi ile niliifanya miaka yote, sikumpoteza mtu hata mmoja, yeye anaifanya kichekesho."

Dada alinyong'onyea. Alitazama saa ya ukutani. Aliwaza kuizima simu. Aliwaza kudanganya, kusema Baba amefurahi sana ila amelala. Alikuwa bado anachagua uongo upi una miguu mirefu zaidi wakati simu ilipolia.

"Imeshuka? Mmecheza? Mmefika wapi? Dada, sema basi!" Alikuwa Chiriku yule yule.

"Tumecheza mdogo wangu. Taa nimeiona. Ule mvumo nusura uniue. Kupiga risasi ni kutamu, kutamu mno, mtu anasahau alichofuata huko chini, hilo litazameni. Na mguu unaniuma kwa kukanyaga sakafu."

Chiriku alicheka hadi simu ikakwaruza. Kisha sauti yake ikawa ndogo. "Na Baba?"

Dada alitupa jicho kwenye kiti cha Baba. Kabla hajajibu, mkono mpana ulikuwa umenyooshwa mbele yake.

"Lete," alisema Baba. "Na uweke hiyo sauti ya wazi, sisikii vizuri."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Hapo ndipo simu ilipozoea kurudishwa. Haikurudishwa.

"Kwa nini umewapandisha watatu?" Baba aliuliza.

Upande wa pili kilisikika kiti kikisogezwa.

"Nimekuuliza. Kamba moja, watu watatu. Nilikufundisha hivyo?"

"Hapana, Baba. Hukunifundisha hivyo."

"Sasa?"

Walisikia Chiriku akivuta pumzi. "Ile siku ya mchanga," alisema, "kamba ilitoka na Baba Mapacha peke yake. Nilikuwa natazama. Halafu ukanyamaza. Baba, ulikuwa hunyamazi, na ukanyamaza. Mimi nikaimba, hukujibu. Nikaimba tena. Watu wakasema naogopa shimo. Shimo sikuliogopa hata siku moja. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile kamba inapanda na mtu mmoja, na wewe uko chini unangoja zamu. Tulipoanza gemu hii wenzangu walitaka wachimbaji wapandishwe mmoja mmoja, walisema ndiyo inakuwa ngumu, wachezaji wanapenda ugumu. Nilikataa. Tuligombana hadi karibu tuachane. Nikawaambia kwangu hakuna mtu atakayebaki chini kungoja zamu."

Baba alijipangusa mdomo kwa kiganja, kana kwamba bado kuna kitu kimebaki hapo.

"Kamba ile ingekatika," alisema.

"Najua, Baba. Ndiyo maana nimetengeneza ya kwangu."

Dada alikuwa analia waziwazi sasa, na hakujisumbua kuficha. Baba aliitazama simu kwa muda, akaibadilisha mkono.

"Nilinyamaza kwa sababu mchanga ulinijaa mdomoni," alisema. "Nilikusikia ukiniimbia. Nilikusikia mwanzo hadi mwisho, mwanangu, na sikuweza kukujibu. Na baadaye nikasema maneno yale mbele ya watu. Nilikosea."

"Yameshapita, Baba."

"Hayajapita, ndiyo maana nayasema." Alikohoa. "Lakini kamba yako nyembamba. Mtu akiitazama anaona kabisa kwamba watatu haiwabebi. Moyo hautulii. Inenepeshe."

"Kiasi gani?"

Baba alionyesha kwa vidole, mduara wa gumba na shahada, akasahau kwamba simu haina macho. Dada akadakia, "Kama gumba lake."

"Kama gumba langu la zamani," Baba alisahihisha. "Na ule mvumo umeutoa wapi?"

"Ni mimi mwenyewe. Nilikaa mbele ya maikrofoni nikavumisha kutwa nzima. Wenzangu walidhani naumwa tumbo."

Baba alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka puani, na Chiriku akacheka huko aliko. Kisha Baba akageukia televisheni. Maandishi yalikuwa bado pale kwenye kioo, hayajaguswa na mtu.

"Sikiliza," aliiambia simu. "Usikate. Ila nyamaza kidogo, nataka kusikia. Kuna mtu tumemwacha chini."

Akaiweka simu mapajani, akanyoosha mkono kwa Dada aletewe pedi.